Barua ya wazi kwa wakuu wa Lamu: ionyesheni filamu ya Tina Turner, kisha tufungulieni mlango

Kwa Serikali ya Kaunti ya Lamu na idara zake za utamaduni na jinsia. Kwa wakuu wa polisi. Kwa wasimamizi wa Ngome ya Lamu. Kwa waandalizi wa tamasha letu la utamaduni. Kwa maimamu na wazee wa mitaa.

Asalamu aleikum.

Mimi ni kapteni wa boti ya abiria. Navusha watu kati ya Amu, yaani mji wetu wa Lamu kisiwani, na Mokowe upande wa bara, na siku nyingine nafika Shela, Matondoni, hata upande wa Pate. Nimeamua kuwaandikia nyote kwa pamoja, tena hadharani, kwa kuwa jambo hili nikilipeleka ofisi moja nitaambiwa ni la ofisi nyingine.

Nina ombi lenye pande mbili. Kwanza, naomba muwaonyeshe watu wa Lamu, ndani ya Ngome, filamu ya mwaka 1993 inayosimulia maisha ya mwimbaji Tina Turner, ile iitwayo "What's Love Got to Do with It". Pili, usiku huohuo, kabla watu hawajatawanyika, mtangaze mahali ambapo mwanamke aliyetoka nyumbani kwake kwa kupigwa anaweza kubisha hodi saa yoyote akafunguliwa. Hilo la pili ndilo kubwa. Filamu naitaka kwa sababu itawafanya watu waone kwa macho yao kwa nini mlango huo haufai kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Wako watakaouliza Tina Turner anatuhusu nini. Alikuwa Mmarekani, amezaliwa Novemba 1939 katika jimbo la Tennessee, jina lake Anna Mae Bullock, akakulia Nutbush, kijiji cha mashamba ya pamba. Wenye umri wangu wanazikumbuka kaseti zake na zile nywele zake zilizotimka. Vijana wengi wanamjua kwa kusikia tu, kwa hivyo nitaeleza kidogo.

Akiwa bado msichana alikutana na mwanamuziki Ike Turner mjini St. Louis. Ike alikuwa na bendi, alikuwa na jina, na sikio lake lilijua sauti ipi itauza. Rekodi yao ya kwanza ilipotoka mwaka 1960, ni Ike aliyembandika binti yule jina la Tina, tena akalisajili liwe mali yake, ili huyu akiondoka amtafute mwingine amvishe jina lilelile. Walioana 1962. Jukwaani walikuwa moto kwelikweli. Nyumbani mwanamke alikuwa akipigwa kwa ngumi, kwa hanga za nguo, kwa chochote kilichokuwa karibu, kisha anapakwa poda uso uliovimba na kupandishwa jukwaani akaimbe. Maisha hayo yalikwenda miaka na miaka, na watu waliokuwa wakinunua tiketi hawakujua lolote.

Filamu imeyaonyesha haya bila kuyapunguza. Mwongozaji ni Brian Gibson. Angela Bassett amekuwa Tina na Laurence Fishburne amekuwa Ike, na wote wawili waliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile. Bassett alipata Golden Globe. Watengenezaji walibadilisha mambo kadhaa ya maisha halisi, kama filamu za namna hii zinavyofanya, na Tina mwenyewe ilipotoka alisema hana hamu ya kuitazama. Namwelewa. Sisi wengine tunahitaji kuonyeshwa yale ambayo yeye aliyaishi.

Kilichonishika mimi ni watu wa pembeni. Kuna mahali wamekaa mkahawani, Ike anamlazimisha mkewe ale keki, mwanamke anakataa, na yule bwana anamsukumia keki usoni mbele ya watu. Nilijikuta nawatazama waliokaa meza za jirani kuliko nilivyomtazama Ike. Nawajua wale. Nimekaa nao barazani. Huku kwetu mwanamume akimpayukia mkewe njiani, sisi tuliokaa dakani tunainamisha macho tunatazama kahawa zetu, na akishapita tunasema, "Mambo ya nyumba hayo."

Na huyo Ike, alipokuja kuulizwa miaka ya baadaye, alikiri kwamba alimzaba makofi, na kwamba zipo siku alimpiga ngumi akaanguka chini, lakini akashikilia kuwa kipigo hasa hakumpiga. Maneno haya hayahitaji kutafsiriwa kwa mtu wa Lamu. Sisi twayasema kwa njia yetu: "Nilimtia adabu kidogo tu."

Sasa nifike pale ninapotaka mfike na nyinyi.

Julai 1976 walikuwa Dallas kwa onyesho. Ugomvi ulianzia garini wakitoka uwanja wa ndege, akapigwa hadi nguo zikaingia damu. Safari hiyo yeye naye alirudisha mkono. Walipofika hotelini Ike alilala. Tina akatoka mlango wa nyuma, akavuka barabara kuu mbio huku magari makubwa yakipita, akaingia hoteli ya upande wa pili. Alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya gari. Alimweleza meneja kuwa yeye ni nani, kwamba amegombana na mumewe, kwamba hana pesa, na kwamba akipewa chumba atalipa.

Meneja akampa chumba.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Yule mtu hakumuuliza alikuwa amemkosea nini mumewe. Hakumwambia arudi wakaelewane, wala hakumtafuta mume kwa simu ili aje amchukue. Aliona uso umevimba, akatoa ufunguo. Pengine hakuchukua hata dakika kumi.

Yaliyofuata dunia nzima inayajua. Talaka ilikamilika 1978. Mahakamani aliacha mali nyingi, akabeba madeni ya maonyesho yaliyovunjika, na alichoshikilia zaidi ni jina la Tina Turner, kwa kuwa jasho lililolijenga jina hilo lilikuwa lake. Ilimpitia miaka ya taabu, akila kwa kuponi za msaada wa chakula za serikali na kuimba kwenye kumbi ndogo za mahoteli. Mwaka 1984, akiwa na miaka 44, umri ambao kwetu mwanamke ashaanza kuitwa bibi, wimbo wake ulishika namba moja Marekani, na Februari 1985 ukapewa tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya mwaka. Januari 1988 alijaza uwanja wa Maracanã kule Rio de Janeiro. Alifariki Mei 24, 2023, nyumbani kwake Uswisi, akiwa na miaka 83, ameolewa na mume aliyemheshimu. Yote haya yalipita kwanza kwenye mlango wa meneja yule. Kama angemkatalia, angevuka ile barabara kurudi alikotoka.

Niwalete kwenye maji yetu. Nitakayosimulia nimeyabadilisha hapa na pale ili mwenyewe asitambulike.

Ilikuwa majira ya kusi, boti ya kwanza, hata mwanga haujatulia. Mwanamke alishuka ngazi za jeti na mtoto amemfunga mgongoni kwa leso, mwingine amemshika mkono. Buibui lake lilikuwa limeshikizwa kwa pini begani, pale lilipochanika. Mguu mmoja una ndara, mwingine hauna kitu. Alikwenda kukaa nyuma kabisa karibu na mashine, mahali ambapo moshi unapiga na hakuna apendaye kukaa. Nilipopita kukusanya nauli alivua kipuli akaniwekea kiganjani bila kusema neno. Kilikuwa kimoja. Sikio la pili alilificha kwa mtandio, lakini upepo uliufunua: tundu la kipuli lilikuwa limepasuka hadi chini, na damu imekauka shingoni.

Kipuli nilimrudishia. Tulipofika Mokowe watu wote walishuka, yeye akabaki amesimama kwenye jeti. Utingo wanaita, bodaboda wanaita, naye anageuka huku na huku. Nikamuuliza, "Dada, unakwenda kwa nani?" Akajibu, "Popote, kaka."

Nilikuja kusikia kwamba alifika ofisi moja ya wakubwa, sitaitaja, akaambiwa ugomvi wa mke na mume humalizwa na wazee wa pande mbili. Jioni alivushwa kurudi Amu na boti ya mwenzangu, watoto wamelala mapajani mwake.

Yule wa Dallas alikuwa na barabara ya kuvuka. Huyu wetu ana mkondo wa bahari, ana nauli ya kutafuta, na ana kapteni ambaye huenda alicheza mpira na mumewe utotoni. Mji ni mdogo. Kabla boti haijafunga kamba Mokowe, mume ashapigiwa simu na mtu aliyemwona mkewe jetini. Wa Faza, Siyu na Kizingitini ndiyo zaidi: lazima angoje boti, angoje maji, na bahari ya kusi ikichafuka angoje hadi itulie, na muda wote huo anangojea ndani ya nyumba ileile. Na akishafika Mokowe, barabara iliyo mbele yake ni ya saa nyingi kabla ya kukutana na mji mwingine mkubwa. Ndugu zangu wa kaunti, mnapopanga huduma za wanawake mkiiga mipango ya Nairobi, mnasahau kwamba sisi tumezungukwa na maji.

Najua jibu litakalotangulia: kwetu kuna sitara, mambo ya ndani hayatolewi nje. Mimi ni mtoto wa mji huu na sitara naipenda. Lakini sitara yetu haikuwahi kuwa ukuta usio na tundu. Tazameni mawikio yanayopita juu ya vichochoro vyetu, yale yanayounganisha nyumba na nyumba. Kupitia huko mwanamke aliweza kuvuka akaingia kwa dadake au kwa shangazi yake bila kukanyaga njia, bila kuonwa na mtu. Waliozijenga nyumba zile walimsitiri mwanamke na papo hapo wakampa pa kutokea. Leo jamaa wametawanyika, nyumba nyingi za mji wa kale zimeuzwa kwa wageni, na binti anaolewa akapangishiwa vyumba viwili Langoni au Kashmiri ambapo hana hata binamu wa kumgongea ukuta. Wikio limeondoka. Hatujaweka kitu mahali pake.

Tena wako wanaomleta Mwana Kupona. Kila tukizungumza habari hizi hakosi mtu wa kukumbusha kwamba mama yule wa Siyu, karne ya 19, alimwachia binti yake utendi wa kumfundisha kumridhisha mume. Ni kweli, na ni utendi wa fahari kwetu. Lakini wausome mpaka pale anapoeleza maisha yake na baba wa huyo binti: waliishi kwa furaha na kucheka, hakuna aliyemwondolea mwenzake heshima siku zote walizokuwa pamoja. Wosia ule umetoka kwa mwanamke aliyeheshimiwa na mumewe. Ni dhulma kuuchukua ukamsomee mwanamke aliyepasuliwa sikio.

Kwenye dini sitasema mengi, kwa kuwa mashehe wapo na wao ndio wenye kusema. Ila nawaomba maimamu wetu waliseme hili mimbarini kwa sauti ileile wanayotumia kuhimiza subira. Qurani imeamrisha wanaume wakae na wake zao kwa wema. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Na ipo ile hadithi ya mke wa Thabit bin Qays, aliyekwenda kwa Mtume akasema hamtii mumewe ila katika dini wala tabia, lakini hawezi kuendelea kuishi naye. Aliulizwa kama atairudisha bustani aliyopewa mahari. Akasema ndiyo, na akaachwa huru. Ikiwa huyo, ambaye mumewe hakuwa na ila, alisikilizwa siku hiyohiyo, basi anayekuja na damu shingoni apate nini? Kadhi wetu ana mlango wa kuvunja ndoa kwa madhara, na mahakama yake inatambuliwa na Katiba katika kifungu cha 170. Wanawake wengi ninaowavusha hawajui kwamba wanaweza kuingia mlango huo wenyewe, bila kusindikizwa na mume.

Nirudi kwenye filamu, maana nazijua pingamizi. Ina mavazi mafupi, ina dawa za kulevya, na ina tukio moja la mume kumwingilia mkewe kwa nguvu ambalo ni zito kulitazama. Kwa hivyo isionyeshwe kwenye uwanja wa Mkunguni pale nje ya Ngome ambapo watoto wanazunguka na punda wanapita. Ionyeshwe ndani ya Ngome, baada ya sala ya isha, kwa watu wazima tu, na bodi inayosimamia filamu nchini ifuatwe kwa vibali vyote. Wanawake wapewe upande wao wakipenda. Filamu yenyewe inachukua karibu saa mbili, ni Kiingereza cha Wamarekani wa kusini, na bila tafsiri nusu ya watu watabaki kuangalia picha. Mtafuteni mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili kupitia maikrofoni, kama vijana wanavyozoea kwenye vibanda vya video, lakini awe mtu mwenye staha asiyetia mzaha penye machozi. Ningependa awe mwanamke.

Na Ngome ni mahali panapostahili. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Watu wa rika la baba yangu walipita pale nje wakijua kuna waliofungiwa ndani. Sasa ni makumbusho na maktaba, ni nyumba ya wote.

Naomba sana wanaume waje. Semina za jinsia tumezisikia. Hufanyika hotelini, huhudhuriwa na wanawake walewale, kuna chai na mahamri, na mwisho watu wanapigwa picha. Mvuvi wa Shela hajawahi kuketi kwenye semina hata moja. Lakini mvuvi huyo ataketi saa mbili kutazama filamu, kama anavyoketi kutazama mpira, na ndani ya saa mbili hizo atamwona Ike akiwa mchapakazi, mcheshi, mkarimu kwa marafiki, mtu ambaye wewe ungekaa naye kijiweni ukafurahi, halafu atamwona mlango ukishafungwa. Fishburne amemcheza hivyo, na ndiyo sababu naipenda filamu hii kuliko zile ambazo mume mbaya anatambulikana tangu anapoingia. Wanaowapiga wake zao hapa Lamu hatuwatambui kwa sura. Wanaswali nasi, wanazika nasi.

Sasa huo mlango. Nchi hii haina upungufu wa maandishi. Katiba, kifungu cha 29, inasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Tangu 2015 ipo sheria ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, na haikuishia kwenye ngumi. Imetaja hata kunyimwa matumizi na kuingiliwa na wakwe. Imemtaka askari anayepokea malalamiko amweleze mlalamikaji msaada uliopo, ikiwemo mahali pa hifadhi na matibabu, na imempa mwanamke haki ya kuandikisha taarifa kwa askari mwanamke akitaka. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mpigaji asimkaribie. Simu 1195 ya kuripoti ukatili wa kijinsia ni ya bure, usiku na mchana. Na utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 umeonyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Kwa hesabu hiyo, boti yangu ikijaa wanawake, mmoja katika kila watatu anayajua haya kwa mwili wake.

Askari akimweleza mwanamke wa Amu kuhusu hifadhi, amwelekeze wapi? Hapo ndipo sheria inapokwama jetini pamoja naye.

Sitaki jumba la mamilioni lenye jiwe la ufunguzi. Vyumba vichache tu, Amu, vyenye mwanamke anayelala pale na kuitika hodi ya usiku. Vingine Mokowe, kwa anayevuka, na vingine upande wa Faza, ili wa Pate asilazimike kungoja bahari itulie. Anwani isiandikwe ubaoni, lakini polisi, wauguzi wa hospitali ya King Fahd, kadhi, machifu na sisi makapteni tuijue na tule kiapo cha kuitunza. Hospitalini, fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, ijazwe bila mwanamke kuambiwa arudi kesho, kwa kuwa kesho ndiyo mume na wazee wanakuja kumbembeleza, na fomu hiyo ni ya bure, asitozwe na yeyote kwa jina lolote. Kituoni pawe na askari mwanamke zamu ya usiku. Mume akifika ofisini kuuliza mkewe kapelekwa wapi, asijibiwe, hata akiwa mtu mkubwa, hata akiwa jamaa ya anayeulizwa. Hili la mwisho ndilo litakaloonyesha kama mmekusudia kweli. Mji wetu kila mtu ni jamaa ya mtu, na siri ya mwanamke aliyekimbia imevuja mara nyingi kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu nyingine yoyote.

Kaunti itasema fedha hakuna. Tamasha la utamaduni linapata fedha za mashindano ya majahazi na mbio za punda, na mimi nayapenda mashindano hayo, nimeshiriki. Tengeni sehemu. Waombeni wenye mahoteli ya Shela, ambao vyumba vyao hubaki vitupu miezi ya mvua, watoe viwili vitatu kwa msimu wakati nyumba ya kudumu inatayarishwa. Huko Dallas pia ilikuwa hoteli.

Na sisi wa boti tuna sehemu yetu. Chama chetu kinaweza kukubaliana kwamba mwanamke anayevuka kwa hatari hatoi nauli, na kwamba kapteni hampigii mtu simu kumwambia nani amepanda. Nimeanza kuzungumza na wenzangu. Wengine wameitikia palepale, wengine wananiambia nitajitafutia ugomvi na waume za watu. Mkitutumia barua rasmi kutoka kaunti na polisi, yenye muhuri, inayotukinga kapteni akitishwa, wanaosita watakuwa wachache.

Ninachongoja kutoka kwenu ni tarehe. Kabla ya tamasha la mwaka huu ingekuwa vizuri, maana wakati huo watu wa visiwa vyote wanakuwa Amu. Mkishaitangaza, boti yangu itawabeba bure usiku huo watu wa Shela, Matondoni na Kipungani, kwenda na kurudi, na mafuta nitanunua mwenyewe. Mkiwa na swali, mimi napatikana jetini kila siku baada ya alasiri, na nitakuja ofisini kwenu mkiniita.

Wenu,
Kapteni wa boti ya abiria, Lamu